Mfuko namba 18 na msimu wa 2012: tumpime vipi Alejandro Valverde?

Alhamisi ya tarehe 19 Julai 2012, mwendesha baiskeli wa Hispania, Alejandro Valverde, alifika kileleni Peyragudes, katika milima ya Pyrenees, kwenye mbio za Tour de France, akiwa peke yake, na kabla hata pumzi haijamrudia alikuwa analia. Sekunde 19 nyuma yake walikuja Chris Froome na Bradley Wiggins. Wapenzi wa baiskeli wa huku kwetu wanaikumbuka siku ile kwa ajili ya Froome. Mzaliwa huyo wa Nairobi, aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alionekana wazi kuwa na miguu ya kumfikia Mhispania yule, lakini kila akipanda mita chache aligeuka nyuma kumngoja Wiggins, mwenzake wa timu mwenye jezi ya njano ya kinara. Mimi pia macho yangu yalikuwa kwa Froome. Ilinichukua muda kumtazama aliyeshinda, na muda zaidi kujua kwa nini machozi yake yaliniudhi.

Valverde alikuwa na miaka 32, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza tangu afungiwe miaka miwili kwa kosa la dawa. Waliokuwa upande wake walisema ametumikia adhabu, aachwe apumue. Wengine walisema mwizi amerudi sokoni na kapu lile lile. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa miaka mingi, na naona kila upande unaulazimisha msimu wa 2012 ujibu swali ambalo hauwezi kulijibu. Nitasema mapema ninakosimama: ushindi wake wa mwaka ule ni halali yake. Ila deni alilorudi nalo lilikuwa deni la maneno, na hilo hakuna mlima ambao ungeweza kulilipa.

Jokofu la Madrid

Tarehe 23 Mei 2006 askari wa Guardia Civil waliingia katika makazi ya Madrid yaliyokuwa yakitumiwa na daktari Eufemiano Fuentes. Ndani ya majokofu wakakuta mifuko zaidi ya 200 ya damu na plazima (maji ya damu), imeandikwa namba na majina ya kificho. Msako huo ndio ulioitwa Operación Puerto. Mfuko mmoja ulikuwa na namba 18, na pembeni maneno "Valv. Piti". Magazeti yakaandika kwamba Piti ni jina la mbwa wa Valverde.

Fuentes hakuwa mtu wa mbali naye. Alikuwa daktari wa timu ya Kelme, na Kelme ndiyo timu aliyoanzia Valverde kazi ya kulipwa mwaka 2002. Mwenzake wa timu hiyo, Jesús Manzano, alikwisha kulieleza gazeti la AS mwaka 2004 jinsi damu na dawa zilivyotumika humo ndani. Wengi walimwona Manzano msaliti. Miaka miwili baadaye majokofu yakafunguliwa.

Nyumbani Hispania Valverde hakuguswa. Wakati wa msako ule nchi haikuwa na sheria ya jinai inayohusu dawa michezoni, hivyo kesi ya Fuentes ikabidi iendeshwe kama kosa dhidi ya afya ya umma, na mahakama ikaikalia ile mifuko. Yeye akaendelea kushinda: mbio za siku moja za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji mwaka 2008, na mbio za siku kadhaa za Dauphiné kule Ufaransa, 2008 na 2009.

Walionasa samaki ni Waitaliano. Tour de France ya 2008 ilivuka mpaka na kupumzika Italia, na siku hiyo ya mapumziko, tarehe 21 Julai, wapimaji wa kamati ya Olimpiki ya Italia, CONI, walimtoa damu. Vinasaba vya damu hiyo vilipolinganishwa na vya mfuko namba 18, vikaoana. Plazima ya mfuko ule ilikuwa na athari za EPO, homoni inayouchochea mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi kuliko kawaida. Mei 2009 CONI ikamfungia miaka miwili, lakini ndani ya mipaka ya Italia tu. Tour ya mwaka huo ilipita bonde la Aosta, upande wa Italia, kwa hiyo hakwenda. Mwishoni mwa Agosti akaenda Vuelta, mbio za majuma matatu za kuzunguka Hispania, akaishinda. Nchi moja ilikuwa imemfungia na nchi nyingine inamvisha jezi ya ubingwa.

Tarehe 31 Mei 2010 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, ikaifanya adhabu iwe ya dunia nzima: miaka miwili kuanzia tarehe 1 Januari 2010. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita mbio. CAS ilikataa kufuta matokeo yake ya kabla ya 2010, kwa maelezo kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa ushindi wowote kati ya hayo ulipatikana kwa dawa. Alinyang'anywa Tour de Romandie, mbio za Uswisi, aliyokuwa ameishinda mwanzoni mwa mwezi ule ule wa Mei, lakini Vuelta ya 2009 ikabaki kwake. Na kwa kuwa hesabu ilianzia Januari ilhali alikuwa akishindana hadi majira ya kuchipua, muda aliokaa nje hasa ulikuwa kama miezi 20. Hakuwahi kukiri. Alitoka kama alivyoingia, anasema hana kosa.

Msimu wenyewe

Alirudi mbali na nyumbani, Australia, kwenye Tour Down Under ya Januari 2012. Siku ya kilima cha Willunga alimshinda Simon Gerrans mstarini. Hesabu ya jumla ikawakuta wawili hao wana muda sawasawa, na taji likaenda kwa Gerrans kwa kujumlisha nafasi walizomaliza kila siku. Februari akashinda Vuelta a Andalucía. Machi, Paris–Nice, akashinda hatua moja (mbio za siku moja kati ya siku zote) na kupata nafasi ya tatu nyuma ya Wiggins na Lieuwe Westra. Mtu aliyekaa nje karibu misimu miwili alikuwa amerudi katika kiwango chake ndani ya majuma machache.

Jezi aliyovaa ilikuwa ya Movistar, ile ile timu ya Eusebio Unzué aliyokuwa nayo tangu 2005, imebadilisha mdhamini tu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, nitalirudia.

Kisha Aprili ikamkalia vibaya. Mbio za Ardennes, vilima vya Ubelgiji, ndizo zilizomjengea jina, na mwaka ule hakupanda jukwaani Flèche Wallonne wala Liège. Liège alishinda Maxim Iglinskiy wa Kazakhstan, ambaye miaka miwili baadaye alipatikana na EPO. Nalitaja hilo ili tusidhani Valverde alirudi katika mchezo wa malaika akiwa yeye peke yake mwenye doa.

Tour ya Julai ilimwangusha zaidi ya mara moja siku za mwanzo, na hadi kufika Pyrenees hakuwa tena na lolote la kulinda kwenye msimamo. Huo ndio ufunguo wa Peyragudes. Kundi la viongozi humwachia nafasi mtu aliye mbali kwenye msimamo, kwa kuwa hamtishi yeyote. Valverde alichomoka mapema, akaachana na wenzake waliochomoka naye, akaupanda mlima wa mwisho peke yake akiwa amechoka, pengo likipungua kila kilomita. Froome angekuwa huru siku ile, sidhani kama zile sekunde 19 zingebaki. Timu yao ya Sky ilikuwa na utaratibu wake: Wiggins kwanza. Ushindi wa Valverde ulikuwa wa ujasiri, na pia ulipewa nafasi na nidhamu ya timu ya watu wengine. Alimaliza Tour akiwa wa 20.

Vuelta ndiyo iliyoonyesha mtu kamili. Ilianzia Pamplona, nyumbani kwa Movistar, na timu ikashinda siku ya kwanza katika mbio za timu dhidi ya saa. Siku ya tatu, juu Arrate, alimpita Joaquim Rodríguez mstarini kwa tofauti ya kupigiwa picha, akavaa jezi nyekundu ya kinara. Kesho yake, njiani kwenda Valdezcaray, alianguka akiwa na jezi hiyo hiyo, upepo unapiga ubavuni, na mbele Sky wamekwisha kuongeza mwendo. Wahispania walikasirika mno, kwani kuna desturi ya zamani ya kutomshambulia kinara aliyeanguka. Sky walisema mwendo ulikuwa umeanza kabla. Alipoteza sekunde 55 na jezi. Siku ya nane, Andorra, Alberto Contador alishambulia na kuonekana ameshinda, kisha Valverde akaja mita za mwisho kabisa na kumpokonya.

Halafu ikaja Fuente Dé, Septemba 5. Siku hiyo ilitarajiwa kuwa ya kawaida, kilima cha mwisho hakikuwa kikali. Contador akashambulia kilomita zaidi ya 50 kabla ya mwisho, akaivunja Vuelta vipande viwili. Rodríguez, aliyekuwa kinara, alipoteza zaidi ya dakika mbili na nusu. Valverde aliisoma hatari mapema, akamwacha Rodríguez, akamfukuza Contador na kufika sekunde sita tu nyuma yake. Madrid alimaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 16 nyuma ya Contador, na jezi ya pointi mgongoni. Hata ukimrudishia zile sekunde 55 za Valdezcaray, bado Contador anashinda. Septemba hiyo hiyo, Valkenburg, akapata shaba ya mashindano ya dunia nyuma ya Philippe Gilbert na Edvald Boasson Hagen.

Valverde yupi wa kulinganisha naye?

Sasa tuje kwenye kupima. Waliomtetea walichukua nafasi ya 20 ya Tour wakasema: mnaona, hana dawa tena, ndiyo maana amezama. Waliomkataa walichukua nafasi ya pili ya Vuelta wakasema: mnaona, yuko vile vile kama zamani, basi anafanya yale yale ya zamani. Pande zote mbili zinakosea kwa namna moja. Kwenye Tour alianguka, akapoteza muda, akabadilisha lengo. Kwenye Vuelta alikuwa nyumbani na timu nzima ikimfanyia kazi, na baadhi ya wapinzani wake, Froome akiwemo, walikuwa wamechoshwa na Tour na Olimpiki. Nafasi kwenye msimamo hutokana na mambo kumi, na damu ni moja tu kati ya hayo.

Tatizo zito zaidi ni lile "zamani" lenyewe. Kumlinganisha Valverde wa 2012 na wa kabla ya adhabu kunahitaji Valverde wa kabla ambaye tuna hakika naye, na huyo hatunaye. Mfuko ulikamatwa Mei 2006. CAS haikusema damu ile ilimsaidia kushinda mbio gani, na haikusema kwamba mbio fulani alizishinda bila msaada. Vuelta ya 2009 aliishinda kwa sekunde 55 mbele ya Samuel Sánchez, bila kushinda hata hatua moja. Ya 2012 alikuwa wa pili akiwa na hatua mbili mkononi. Ni ipi kati ya hizo iliyo "bora", na ipi tuifanye kipimo cha nyingine? Anayesema amerudi kama zamani anapima gunia kwa jiwe ambalo uzito wake haujui.

Elimu ya mwili inatusaidia kidogo. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Damu iliyoongezwa mwilini, au iliyochochewa na EPO, haikai miaka. Kwa hiyo chochote kilichokuwa ndani ya mfuko wa 2006 hakikumpandisha mtu Peyragudes mwaka 2012. Lakini kuna vitu ambavyo havina siku 120. Jina linabaki. Nafasi ya uongozi wa timu inabaki. Hapa ndipo Movistar inapoingia: kijana asiye na jina akifungiwa miaka miwili, hakuna anayemwekea kiti. Valverde alikuta kiti chake kina joto. Matokeo yaliyomletea thamani hiyo ni yale yale ambayo CAS iliyaacha bila kuyafuta na bila kuyasafisha. Mimi naona faida hiyo ni kubwa kuliko ya damu yoyote, na hakuna maabara ya kuipima.

Na usalama wa vipimo? Kufikia 2012 waendesha baiskeli walikuwa chini ya pasipoti ya kibayolojia, utaratibu ulioanza 2008 wa kufuatilia damu ya mtu mwaka hadi mwaka badala ya kutafuta dawa moja tu siku moja. Valverde aliendesha msimu mzima chini ya utaratibu huo, na hakuna kesi iliyofunguliwa. Najua jibu la wanaotilia shaka, na ni jibu zuri: tarehe 24 Agosti 2012, Vuelta ikiwa imekwisha kuanza, shirika la Marekani la kupambana na dawa lilitangaza kumfungia maisha Lance Armstrong, mtu aliyejivunia miaka yote kwamba hajawahi kukutwa na dawa. Kutokamatwa hakuthibitishi usafi.

Hata hivyo nabaki pale pale. Valverde alihukumiwa kwa 2006 kwa sababu kitu halisi kiliwekwa mezani: mfuko, maandishi, vinasaba. Kwa 2012 hakuna kilichowekwa. Ikiwa tunaheshimu ushahidi pale unapomtia hatiani, hatuwezi kuukana pale unapokosekana. Arrate ni yake. Andorra ni yake. Peyragudes ni yake, na kidogo ya Wiggins.

Waliorudi pamoja naye

Ukitaka kuona mwaka ule ulivyokuwa, angalia majukwaa. Julai 28, jijini London, dhahabu ya Olimpiki ilikwenda kwa Alexandre Vinokourov, aliyefungiwa baada ya kupatikana na damu ya mtu mwingine kwenye Tour ya 2007. Contador alimaliza adhabu yake ya clenbuterol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, tarehe 5 Agosti, na mwezi uliofuata akaishinda Vuelta. Juu ya jukwaa la Madrid, wa kwanza na wa pili wote walikuwa watu waliotoka kifungoni. Kwa mtazamaji aliyechoka na habari za dawa, picha ile ilikuwa kama dharau, na simlaumu mtu aliyezima televisheni.

Lakini watu hawa hawakurudi kwa mlango mmoja. Ivan Basso naye alikuwa na mfuko kwa Fuentes, naye aliandikwa kwa jina la mbwa, Birillo. Mei 2007 alikiri mbele ya CONI, ingawa kwa nusu mdomo: alisema alikusudia kutumia, hakutumia. Alipomaliza adhabu alikwenda kufanya kazi na Aldo Sassi katika kituo cha Mapei, na takwimu za damu yake zikawekwa hadharani ili kila anayetaka azisome. Alipoishinda Giro, mbio za kuzunguka Italia, ya 2010, walau palikuwa na karatasi ya kubishania. David Millar wa Uingereza alikamatwa karibu na Biarritz, Ufaransa, mwaka 2004, akakiri EPO, akarudi kwenye Tour ya 2006, kisha akageuka msemaji wa mchezo usio na dawa, kiasi cha kuwachosha baadhi ya wenzake. Jörg Jaksche, Mjerumani, alisema kila kitu kuhusu Fuentes na hakupata tena timu kubwa ya kumwajiri.

Mfano wa Jaksche unaniuma. Aliyesema yote alikosa kazi, aliyenyamaza alikuta kiti chake kinamsubiri. Ukiwa mwendesha baiskeli wa miaka 22 na unatazama mambo hayo, unajifunza nini? Nasi huku, ambako kila mwaka tunasoma majina ya wanariadha wa Kenya waliofungiwa, tunalijua swali hilo kwa ukaribu. Mwanariadha anafungiwa, anakaa kimya, anarudi. Aliyemletea sindano haguswi, wala hatajwi.

Ukimya wa Valverde ulikuwa na gharama yake kwa watu wengine. Fuentes alipofikishwa mahakamani Madrid mwaka 2013, jaji aliamuru mifuko iharibiwe. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilimwachia huru daktari huyo na kuagiza mifuko ikabidhiwe kwa mamlaka za michezo, lakini miaka kumi ilikwisha kupita tangu msako na muda wa kuwafungulia watu mashtaka ya kimichezo ulikuwa umekwisha. Wenye mifuko mingine wengi hawakutajwa rasmi. Sisemi Valverde angeyajua majina yao. Lakini alijua walau njia moja ya kuingia kwenye jokofu lile, ile ya mfuko wake mwenyewe.

Kwa hiyo machozi ya Peyragudes, nadhani sasa najua yaliniudhi kwa nini. Yalikuwa machozi ya mtu aliyeonewa na sasa ametendewa haki. Kwa alivyojieleza yeye, ndivyo ilivyokuwa. Kwa ushahidi uliokuwa Lausanne, sivyo.

Aliendelea miaka mingine kumi. Liège mara mbili zaidi, Flèche Wallonne nne mfululizo kuanzia 2014 hadi 2017, ubingwa wa dunia Innsbruck 2018 akiwa na miaka 38. Aliachana na mbio za barabarani mwaka 2022 bila kesi nyingine. Hiyo ni miaka mingi chini ya pasipoti, na mtu wa haki lazima aiweke kwenye mizani upande wake.

Mwaka 2025 alipewa kazi ya kuteua timu ya taifa ya wanaume ya Hispania, na Septemba mashindano ya dunia yakaja Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Vijana waliopanda vile vilima vya Rwanda na jezi ya Hispania walikuwa chaguo lake. Wengi wao walikuwa watoto wakati askari wanaingia kwenye makazi yale ya Madrid. Natamani mmoja wao, usiku, kwenye meza ya chakula hotelini, mbali na waandishi, awe alimuuliza kocha wake ule mfuko ulifikaje kule.